Mashine Iliyolala Nyuma ya Karakana

Kwa miaka tisa mama mmoja alifagia karakana ya chuo cha ufundi, na muda wote huo watu walimwita Mama Fagio. Hakuona vibaya. Alimjua kila fundi anayeacha vumbi la chuma akidhani litajizoa lenyewe, na kila mwalimu akifundisha, yeye alifagia polepole karibu naye, masikio wazi.

Nyuma ya jengo, chini ya bati lililotoboka, ilikuwepo mashine ya kuchongea vyuma iliyotelekezwa. Mvua ilikuwa imeigeuza rangi ya matofali, na magurudumu yake ya mkono hayakusogea hata ukiyabembeleza. Siku moja alimsikia mkuu wa karakana akiagiza iuzwe kama chuma chakavu.

"Mkuu, hiyo haijafa," alisema, fagio mkononi. "Niachie miezi miwili. Nitaisafisha nikimaliza zamu yangu."

Mkuu alicheka mpaka akakohoa. "Mama Fagio, umeona hiyo ni sufuria?"

"Sufuria nikiisugua unajiona uso. Na hii utajiona."

Mafundi wakaangua kicheko, na safari hii aliyechekwa ni mkuu. Akatoa ruhusa ili yaishe.

Basi kila alasiri akajifunga kitambaa kichwani, akaingia kazini. Nati alizilowesha mafuta ya taa siku tatu kabla ya kuzigusa na spana. Vipande vidogo alivitumbukiza kwenye ndoo ya siki, na kesho yake kutu ikabanduka kama magamba ya samaki. Mwili wa mashine aliusugua kwa brashi ya waya, kisha msasa mkali, kisha laini. Lakini zile reli mbili za juu, ambazo kisu hupita juu yake kikichonga, hakuzipitishia msasa wala kufikiria kuzipaka rangi. Alizisugua kwa mafuta na kitambaa, kidogo kidogo, maana aliwahi kumsikia mwalimu akisema zikikwaruzika, mashine haichongi tena sawasawa.

Nyumbani alifika viganja vyekundu kama aliyefyatua matofali. Mumewe, fundi cherehani asiyeishiwa utani, akamkodolea macho.

"Mke wangu, siku hizi unarudi umechelewa na unanukia mafuta ya taa. Nitajie tu huyo bwana."

"Ana uzito wa tani moja na nusu," akajibu akinawa. "Huna ubavu naye."

Wiki ya sita mkuu alimjia mbio. Wageni kutoka makao makuu walikuwa wanakuja Alhamisi kukagua chuo.

"Paka rangi leo, mama. Kijani. Ing'ae!"

"Mguu wa nyuma bado una kutu, mkuu. Nikipaka juu yake, baada ya miezi mitatu rangi itavimba na kubanduka."

"Kwani wageni wanakuja na kucha za kukwangulia?"

"Wao wataondoka. Mimi ndiye nitakayebaki nikiitazama."

Mkuu akafura. Akamwambia kama hataki, arudi kwenye fagio lake, mashine iende kwa wauza vyuma. Mama wa watu hakuwahi kumkatalia mkubwa yeyote pale chuoni. Hata hivyo kopo la kijani hakulifungua. Jumatano alilala chali sakafuni, akausugua ule mguu mpaka chuma kikawa cheupe. Akaupangusa kwa kitambaa safi, kitambaa kikatoka bila doa. Hapo hapo akaupaka rangi ya kwanza, ya kijivu, kwa sababu chuma kitupu kikilala kwenye unyevu huamka na kutu.

Alhamisi wageni wakaikuta mashine ya kijivu, haina mvuto wowote. Mkuu alijaribu kuwapitisha upesi. Mmoja wao, mhandisi, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akasimama. Akasukuma gurudumu kwa kidole kimoja, likazunguka kimya. Akachuchumaa, akapitisha kiganja kwenye mguu wa nyuma, pale ambapo watu hawana habari napo.

"Nani kafanya kazi hii?"

"Mimi," mama akasema kutoka mlango wa nyuma wa karakana, sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Na sijamaliza. Kijani naanza Jumatatu, mara mbili, nikingoja ya kwanza ikauke."

"Vizuri," mhandisi akasema akijipangusa. "Mtu asikuharakishe."

Hakuharakishwa. Kijani kilipokauka, mafundi wakaiingiza mashine ndani na kuiunga nyaya, na mkuu mwenyewe akawasha umeme. Kisu kikagusa chuma, nyuzi ndefu zinazong'aa zikajikunja na kudondoka, na mwalimu alipopima kipande kilichochongwa akaitikia kwa kichwa: sawa kabisa. Mkuu akageuka, akasema mbele ya mafundi wote, "Mama, nilikukosea."

Mama alisimama wima, mabega nyuma, wala hakujisumbua kuficha tabasamu.

Mwezi uliofuata aliandikwa upya kazini: fundi wa matengenezo. Wakampa ovaroli yenye mikono mirefu kupita kiasi. Akaikunja mara mbili, akauliza mashine nyingine zilizotupwa ziko wapi.