Sahihi Kwenye Jezi ya Marehemu

Mimi ni mwanamke wa kushuku, na sioni haya kusema. Maisha yangu yote ya kazi niliyapitisha kwenye gishe, dirisha la kuhudumia wateja, la benki hapa Kolwezi, nikitazama sahihi ya mteja, kisha ile aliyotuachia siku alipofungua akaunti, kisha mteja mwenyewe usoni. Nilimshuku tajiri, nilimshuku fukara, nilimshuku hata shemasi wa kanisa letu. Na mji wenyewe unafundisha. Kijana anatoka shimoni na gunia lake la kobalti, mnunuzi anaweka mashine yake juu ya jiwe, mashine inataja ubora, na kijana anaitazama mashine ile kama anavyotazamwa mwizi wa kuku. Hapa kuamini haraka ni ugonjwa wa wageni.

Nilipostaafu nilidhani nimeachana na sahihi za watu. Lakini parokia yetu hufanya mnada baada ya misa ya mavuno. Watu wanaleta kuku, mananasi, makaa kutoka Mutshatsha, na katekista anasimama mbele anapandisha bei, familia moja ikishindana na nyingine kwa sifa tu. Siku hizi wameanza kuleta vitu vya watu mashuhuri. Mwaka jana baba mmoja alinunua mnadani kofia yenye sahihi ya mwanamuziki mkubwa wa Kinshasa, akaivaa kwa maringo, hadi siku alipopita sokoni akakuta kofia za aina ile zimejaa meza nzima, zote zimetiwa sahihi. Muuzaji akamwambia kwamba kama rangi haimpendezi, anaweza kumwandikia nyingine palepale. Padri aliona aibu kubwa. Mwaka huu akatangaza kwamba kitu chochote chenye sahihi kitapita kwanza mikononi mwangu.

Sitadanganya, nilifurahi. Mtu wa kwanza alileta mpira uliotiwa sahihi na timu nzima ya taifa, na wachezaji wote walikuwa wameinamisha herufi zao upande mmoja. Nilimpa mwenye mpira pongezi, nikamwambia timu hiyo kweli imezoeana. Aliondoka amenuna. Mwingine alileta picha ya bondia, wino haujakauka vizuri.

Kisha akaja jirani yangu, mjane wa jumuiya yetu ndogo ya kanisa. Mume wake alifanya kazi Kingamyambo, kwenye yale mabaki ya madini yanayosafishwa upya, na alikuwa mpenzi wa mpira kupita kiasi. Alileta jezi imefungwa ndani ya kitenge. Kila mtu mtaani aliijua habari ya jezi hiyo kabla hajaiona. Marehemu alikuwa akisimulia kila sherehe jinsi mchezaji mmoja nyota, aliyecheza hapa kwetu kabla ya kwenda Ulaya, alivyoivua mbele yake nje ya uwanja, akamgeuza, akaitandaza mgongoni pake na kuitia sahihi.

Mchezaji huyo mimi nilimjua, tena kwa mkono wake. Alipokuwa hapa alikuwa anakuja gishe yangu. Alikuwa na tabia moja ambayo ilinikera: alichomeka kalamu kwanza kwenye karatasi, akainua kichwa kusalimia watu waliopanga foleni, wino ukivuja tu pale, ndipo akavuta mstari mrefu, na jina akaliandika mwisho, juu ya mstari. Kila karatasi yake ilikuwa na nukta nene upande wa kushoto. Nilimwambia mara nyingi kwamba anatuchafulia. Alicheka.

Nikaitandaza jezi mezani. Ilikuwa imefifia, imepauka kwenye mabega. Na sahihi, mara tu nilipoiona, niliishuku. Ilikuwa ya biki, kalamu ya shule, wino mwembamba wa bluu. Mstari ulitetemeka. Mkono ulikuwa umesimama, ukafikiri, ukaendelea, kama mtu anayevuka mto kwa kugusa jiwe moja moja. Mtu hatii sahihi yake hivyo. Mtu anayeandika jina lake hafikiri. Halafu wino wa mstari ulikuwa umepita juu ya wino wa jina, maana yake uliandikwa mwisho. Na nukta haikuwepo.

Nilimuuliza nani aliandika. Akasema ni yule mchezaji. Nikamuuliza tena, polepole, kwa sauti yangu ya gishe. Akainamisha kichwa. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, afadhali aniambie mimi kabla sijamwambia padri.

"Mama, njo mi niliandika," akasema. "Lakini niliandika juu ya ile yake."

Hapo akanieleza. Siku ya kumaliza matanga, wanawake wa ukoo wa mume walizifua nguo zote za marehemu kabla ya kuzigawa, kama desturi inavyotaka, maana nguo ya maiti haigawiwi ikiwa bado na jasho lake. Hakuna aliyekumbuka kuitoa jezi. Waliisugua kwa brashi na sabuni kali, na ilipoanikwa, sahihi ilikuwa imekwenda na maji. Shemeji yake mkubwa aliitazama pale kwenye kamba, akasema mbele ya watu wote kwamba wino wa kweli hautoki, kwamba mdogo wake aliinunua sokoni, na kwamba njia ya mwongo ni fupi. Watu walicheka, matangani; mimi nilikuwa jikoni, sikuyasikia. Jezi hiyo hakuna aliyeitaka, ndiyo maana ilibaki kwake. Yeye aliona kivuli kidogo cha mistari, akachukua biki ya mtoto wake, akakifuata.

Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani zaidi. Nikamuuliza, basi kwa nini ameileta mnadani, anataka mtu anunue maandishi yake?

"Sikuileta juu ya kuuza, mama. Niliileta juu wewe uiangalie. Mutoto wetu anasikia banasema baba yake alikuwa mutu wa buongo."

Maneno hayo yalinikaa vibaya. Lakini huruma si ushahidi, na habari nzuri ndiyo hasa inayopaswa kushukiwa. Niliwaza kwamba mwanamke anaweza kubuni hata kicheko cha matangani. Upande wa nje, chini ya biki, nilikuwa nimeona wingu hafifu la zambarau, nikadhani ni rangi iliyochuja kutoka nguo nyingine. Sasa nikaigeuza jezi, ndani ikawa nje, nikaisogeza dirishani.

Brashi haikufika kule. Wino wa kalamu nene ulikuwa umepenya kitambaa, na upande wa ndani ulibaki, umefifia lakini mzima, umeandikwa kinyume kama kwenye kioo. Mstari ulikwenda kwa kasi, haukutetemeka popote, mwishoni ukawa mwembamba mahali kalamu iliporuka. Na mwanzoni pake, pale alipochomeka kalamu mgongoni mwa yule baba akainua kichwa kusalimia watu, palikuwa na nukta, nene, mbaya, ile ile iliyonichafulia karatasi zangu. Nilitaka kulia, mimi mtu mzima.

Nikamwekea kidole chake juu ya nukta. Nikamweleza tabia ya mchezaji, kalamu, foleni, salamu. Nikamwambia mume wake alisema kweli.

Nilitegemea afurahi. Alibaki na kidole pale pale, na nikaona anafanya hesabu ambayo mimi sikuifanya. Doa lile lilikuwa doa tu. Wa kusema ni la nani nilikuwa mimi peke yangu, jirani yake, mama wa jumuiya yake, niliyekuwa jikoni kwake siku zote za msiba.

"Kama ungekuta ni ya buongo, mama," akasema, "ungeniambia?"

Nikajibu kwamba ningemwambia. Aliniangalia usoni, akashuka hadi mikononi mwangu, akarudi usoni, bila haraka, vile nilivyokuwa nikiwaangalia watu gishe. Nilitafuta kitu cha kumwonyesha ili aniamini, nikakosa.