Ngozi Isiyoshika Uzi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wa kike na wa kiume, kaeni vizuri. Shule mimi niliishia darasa la tatu, nikaitwa kuchunga, kwa hiyo msitegemee maneno ya kupambwa.

Nakumbuka siku moja, nikiwa msichana hapa hapa Sapiwi, shangazi yangu alinikuta nyuma ya nyumba najisugua uso kwa majivu na jiwe la kuogea mpaka damu inatoka. Wenzangu walikuwa wananiita Sufuria kwa weusi wangu. Waliokuwa weupe waliitwa nzunzu, na nzunzu, mwanangu, kwetu ndiye aliyeleta ng'ombe wengi wa mahari. Shangazi hakunionea huruma. Alinipiga mkono jiwe likaanguka. "Unamenya nini, kiazi? Ng'ombe wakishaingia zizini, nani anakumbuka walikuja kwa rangi ya nani?"

Niliacha. Nikadhani neno lile la nzunzu limekufa na wazee wetu. Kumbe lilikuwa limelala tu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mjukuu wangu Limi ni mweusi kama mimi. Watu wa Bukundi walipotuma mshenga kumposa, yule mshenga aliuliza binti yukoje. Mwanangu Masanja, baba yake Limi, akajibu bila haya, "Ni nzunzu." Alitaka zizi lijae. Limi alikuwa jikoni, akasikia. Siku ya mnada akaenda, akarudi na kopo la mkorogo wa kujichubua, lisilo na jina wala maandishi.

Basi nikaanza kumwona anabadilika. Uso ukawa mwekundu kama nyanya, vifundo vya vidole vikabaki vyeusi. Nikamuuliza, akasema, "Jua limepungua, bibi." Jua la Simiyu limepungua lini? Mtoto alikuwa anajichuna ili neno la baba yake liwe kweli.

Kwenye palizi ya pamba jembe likamteleza, likamchana mguu chini ya goti. Tukamkimbiza zahanati. Nesi akaanza kushona. Akavuta uzi, ngozi ikaachia kama karatasi iliyolowa. Akachoma pembeni, ikaachia tena. Akaweka sindano chini, akanitazama mimi, si mgonjwa.

"Bibi, huyu binti anapaka nini?"

Nimeona ng'ombe wakifa kwa ukame, nimezika mume, lakini ngozi ya mtu kukataa uzi sikuwahi kuiona. Nesi akanivuta kando, akasema mkorogo ndio umelainisha ngozi hivi, na leo ni mguu. Je, siku akihitaji kupasuliwa ili ajifungue, tutamshonaje? Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa amelala pale kitandani, damu inamtoka.

Akafungwa bandeji tu, tukarudi nyumbani. Kila asubuhi nilipoifungua niliogopa harufu kabla sijaona kidonda. Na Limi, badala ya kulilia mguu, analilia kopo! "Bibi, wageni wa Bukundi wanakuja Jumapili. Nirudishie nipake usoni tu. Wakinikuta hivi, baba ataitwa mwongo." Kopo nilishalitupa chooni. Nikaogopa atatuma mtu amnunulie jingine, nikahamishia kigoda changu mlangoni kama mlinzi wa benki.

Nesi alipopita kumwangalia alimletea kitabu. Ni kitabu cha wanawake, kinaeleza miili yao ilivyo. Nikachungulia, nikakuta matiti. "Nesi, umemletea mjukuu wangu uchafu?"

"Kwani wewe huna, bibi?"

Limi akawa ananisomea, nami najifanya nachambua mboga. Akafika penye picha ya mama mmoja mweusi, mweusi kweli, tumbo lina michirizi ya uzazi, amekaa anacheka wala hajajifunika. Limi akanigeuzia ukurasa ule.

"Bibi, huyu haumwi."

"Aumwe nini?"

"Weusi kama sisi nawaonaga kwenye mabango ya zahanati, wanaumwa. Au kwenye matangazo ya mafuta, ule upande wa kabla hajapaka. Huyu amekaa tu."

Sitawadanganya, kitabu hakishoni ngozi. Lakini tangu hapo kopo hakuliulizia tena.

Jumapili wageni wakafika. Limi akatoka akichechemea, uso mtupu, una mabaka yanayobanduka. Shangazi wa kijana aliyeposa akamtazama juu mpaka chini, akamgeukia Masanja. "Tuliambiwa nzunzu."

Nikasema moyoni sasa atavunjika, atarudi kwenye mkorogo, na safari hii tutamzika. Limi akapiga goti kwa taabu, akasalimia, akasema, "Baba alikosea rangi. Limi ni mimi."

Wakanywa maji, wakasema watarudi. Hawajarudi. Kidonda kimeanza kufunga upande mmoja. Upande wa pili bado unanitisha, na kila asubuhi nainama pale nikimwomba Mungu.

Mwanangu wa kike, mwili wako si shamba la kupalilia kila mara mpita njia akiona magugu. Ukipata kitabu kinachokuonyesha ulivyo bila kukutukana, kisome, msomee na mama yako. Nawe wa kiume, usimsifie dada yako kwa rangi asiyo nayo, maana ni yeye atakayeilipia kwa ngozi yake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mungu awape ngozi zinazopona, na macho ya kuzipenda zikiwa bado nzima.

Wageni walipoondoka siku ile, Masanja alianza kujitetea, "Mayu, mama yangu, ni maneno ya posa tu, kila mtu anasifia." Nikamwambia akae chini. Nikaita kaya nzima uani, wakubwa kwa wadogo, nikawaamuru: kuanzia leo, mshenga akiingia kwangu, rangi itakayotajwa ni ya ng'ombe tu.