Mkono wa Nasimiyu

Watu wa Bungoma mjini wananijua kwa kichwa changu kilichonyolewa. Wengine husema ni nadhiri ya kanisani, wengine ati ni hasira za talaka, na mimi huwaacha waseme. Leo nakueleza wewe sababu yenyewe. Ukitaka kucheka, cheka, lakini ujue habari hii sikusimuliwa na mtu. Niliyaona haya kwa macho yangu mawili, mchana, na sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya chai.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati mwenye simu ya mkononi bado aliishika juu ili watu waione. Nilikuwa mwaka wa tatu katika tawi dogo la chuo kikuu kule Kitale, majengo machache yaliyozungukwa na mahindi. Mwaka huo mdogo wangu Nasimiyu naye aliitwa kwenye chuo hicho hicho. Nilifurahi, niamini. Lakini furaha yangu ilikuwa na mchanga ndani yake, na nitakuambia kwa nini.

Chuo chetu kilikuwa na desturi yake ya kupokea wageni. Kila mwanafunzi mpya alipewa mwenyeji, yaani mwanafunzi wa zamani wa kumtembeza wiki nzima: hapa maktaba, pale zahanati, yule mpishi usimkasirishe. Siku ya mwisho wazazi walikuja. Mbele ya watu wote mzazi alishika mkono wa kulia wa mtoto wake, akauweka katika mkono wa mwenyeji, akasema, "Ni wako sasa." Hapo ndipo mgeni alipokuwa mtu wa chuo. Tuliiita kukabidhiwa. Nilipoingia mimi, mama yetu hakuja. Siku hiyo ilikuwa ya soko kule Sirisia na vitunguu vyake havikuweza kungoja. Wenzangu walikabidhiwa, watu wakapiga makofi, mimi nikabaki nimekaa na mikono mapajani mpaka viti vikaanza kukusanywa.

Sasa ilipofika zamu ya Nasimiyu, mama akatuma salamu kwamba amefunga kibanda, ameshona nguo mpya, na anakuja na kuku. Ungekuwa wewe ungesikiaje?

Hatukuruhusiwa kuwa wenyeji wa ndugu zetu, eti wageni wazoee watu wengine. Siku ya kugawana wageni nilisimama uwanjani na Nasimiyu nikimtafutia mtu mwenye adabu. Kabla sijampata, akaja msichana mrefu mwenye sweta ya rangi ya damu ya mzee, akamshika mdogo wangu mkono. Akasema anaitwa Rael, anatoka upande wa Cheptais kule mlimani, na huyu ni wake. Sikumjua, lakini wanafunzi wengi wa idara nyingine sikuwajua. Wenyeji wote walikuwa na beji za karatasi kifuani, yeye hakuwa nayo. Nikadhani imeanguka.

Wiki haikufika katikati kabla mdogo wangu hajaacha kuwa wangu. Dada Rael amesema hivi, Dada Rael anajua vile. Nikimletea mandazi, anasema ameshiba, Dada Rael amempikia, na huku mashavu yake yanaingia ndani. Mtoto huyo nilimbeba mimi mgongoni mama akiwa sokoni. Nywele zake nilizisuka mimi tangu darasa la kwanza, kila Jumapili jioni, na sasa nikigusa kichwa chake anakiondoa. Sikufichi, kuna wakati sikujua namwonea wivu nani, Rael kwa kumpata Nasimiyu, au Nasimiyu kwa kupata mtu wa kumpikia. Mimi nilipokuwa mgeni nilikunywa chai kavu na kulala.

Siku moja kabla ya kukabidhiana, mvua ilinyesha alasiri. Nilikwenda chumbani kwa Nasimiyu, nikapitia upande wa dirisha ili nisikanyage matope. Sikuwa nachungulia. Basi, nilikuwa nachungulia.

Nasimiyu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, kichwa kimelazwa upande. Mbele yake palikuwa na sahani tupu, kavu. Mkono wake ulikata tonge ambalo halipo, ukalichovya, ukalipeleka mdomoni, naye akatafuna huku akicheka. Na nywele zake, nisikilize vizuri, nywele zake zilikuwa zinajisuka zenyewe. Zilijigawa njia, zikakazwa, msuko ukashuka mpaka nyuma ya sikio. Kitandani hapakuwa na mtu.

Mwenye akili angekimbia. Mimi nilichofikiria kwanza, Mungu anisamehe, ni kwamba mistari ile imenyooka kuliko yangu. Nikazunguka nikasukuma mlango.

Rael alikuwa pale. Amekaa kitandani, kichwa cha Nasimiyu katikati ya magoti yake, chanuo mkononi. Upande mmoja ulikuwa umesukwa, mwingine bado. Chumba kilinuka udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Ati umefuata nini?" Nasimiyu akaniuliza. "Si uende tu. Dada Rael atanimalizia kesho."

"Kesho mtanikabidhi yeye," Rael akasema kwa upole. "Nikishapewa, tunaenda na yeye kwetu. Ni hapo tu kwa mlima."

Nikamuuliza wanakwenda kufanya nini huko ilhali masomo yapo hapa. Akaendelea kusuka. Nilimvuta Nasimiyu tutoke, akanisukuma kwa nguvu ambazo sikujua anazo, na mwili wote umebaki mifupa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Chemtai, mwanafunzi mwenzangu aliyezaliwa Cheptais. Nikamwelezea Rael, urefu wake na sweta yake. Chemtai aliweka kikombe chini. Akaniambia kijijini kwao palikuwa na msichana wa jina hilo, aliyeitwa kwenye chuo chetu hiki. Asubuhi ya kuja kuripoti mto ulikuwa umejaa, akavuka hivyo hivyo, ukamchukua. Sweta ile alinunuliwa kwa ajili ya chuo, na ndiyo waliyomzika nayo. Kisha Chemtai akanisihi nisilitaje tena jina hilo chumbani mwake, akafungua mlango nitoke.

Kesho yake mama alifika kutoka Sirisia, nguo mpya, kuku kwenye kikapu. Utadhani alinikumbatia mimi? Alimkumbatia Rael. Alimshukuru kwa kumtunza mtoto, akamwita binti yangu, akampa kuku mkononi. Kuku yule alikuwa amekuja kimya njia nzima. Aliposhikwa na Rael alipiga kelele na kurusha mabawa mpaka manyoya yakatapakaa, akaponyoka akakimbilia mahindi. Nilimvuta mama kando nikamwambia yote, dirisha, sahani, mto. Alinitazama kama anatazama kitunguu kilichooza.

"Wewe na wivu yako," akasema. "Tangu ukiwa mdogo, hutaki mwenzako apate kitu."

Na uchungu wake ni kwamba alikuwa anasema kweli. Nilikuwa na wivu hata wakati ule ule, nikimtazama akirekebisha kola ya Nasimiyu.

Ukumbini jina la Nasimiyu likaitwa. Mama akasimama naye mbele ya watu, akashika mkono wake wa kulia. Rael akanyoosha wake. Mimi nikatoka kwenye kiti changu, nikaenda nikasimama katikati yao.

"Wewe ulikabidhiwa na nani?" nikamuuliza Rael.

Hakukasirika. "Hakuna," akasema. "Mimi sikufika." Kisha akanitazama vizuri. "Na wewe?"

Nilimgeukia mama, mama akatazama viatu vyake. Kila mtu aliona, na nilitamani sakafu inimeze. Lakini kwa uso wa Rael nilijua kitu. Ule haukuwa uso wa mtu mbaya. Ulikuwa uso wangu mimi siku ile ya viti kukusanywa, na nilijua mwenye uso ule akipata mkono hauachii. Nikaushika mkono wa Nasimiyu kwa mikono yangu miwili.

"Huyu simpeani," nikasema. "Niiteni mwenye wivu, sawa. Lakini huyu ni wangu."

Nasimiyu alilia kwa aibu. Mama alifunika uso kwa leso. Rael alipita kando ya ukuta, akatoka mlangoni, akaingia kwenye mahindi, na nakuapia hakuna jani lililotikisika. Baadaye niliuliza wenyeji wengine, na kila mmoja alisema alidhani ni wa idara nyingine.

Jioni ile Nasimiyu alikula ugali kama mtu aliyetoka hospitali. Akanenepa, akasoma, akamaliza, leo ni mwalimu hapo Kitale na ana watoto wake. Hakumbuki sahani tupu. Anachokumbuka ni dada yake aliyemwaibisha mbele ya chuo kizima, na mama mpaka leo husimulia hivyo kila tukikutana, watu wakacheka.

Lakini Rael hakuondoka bure. Juma lililofuata niliamka na upande mmoja wa kichwa changu umesukwa, mistari imenyooka. Nikafumua. Mwaka uliofuata, wiki ya kupokea wageni, ikawa tena. Angemfuata nani mwingine? Nilimnyima mtu wake, na mimi mwenyewe sikuwa nimekabidhiwa kwa yeyote. Ndiyo sababu nikanyoa. Sasa hana cha kusuka, lakini wiki ile ikifika nasikia vidole vyake vinatafuta njia kichwani, polepole, kama anayekumbuka.

Mwaka jana nilikwenda Sirisia nikamwomba mama anishike mkono mara moja tu, aseme yale maneno. Alicheka. Akaniuliza mtu mzima kama mimi anikabidhi kwa nani.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto anayeingia chuo, siku hiyo liache soko, uende. Na kabla hujauweka mkono wake ndani ya mkono wa mtu, muulize huyo mtu yeye alikabidhiwa na nani. Akikwambia hakuna, usimkabidhi. Rudi nyumbani na mtoto wako, na wakikuita mwenye wivu, itika.