Siku Bibi Alipompulizia Mbwa Pumzi

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu mtu akimpulizia mbwa pumzi puani. Alicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka, maana hayo niliyaona kwa macho yangu Handeni, nikiwa na miaka minane.

Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, kuta bado zinanuka udongo mbichi. Wazazi wangu walikuwa Korogwe wakikata mkonge, na rafiki zangu wote walipelekwa kijiji kingine. Nilibaki na bibi, pamoja na mtoto wa mbwa niliyepewa na wafugaji wa Kimasai. Nilimwita Simba, ingawa hata kuku walimtoa mbio. Bibi, mkunga na mtu wa swala tano, hakumtaka ndani, kwa kuwa mate ya mbwa ni najisi. Alinitania, "Mke mwenzangu, umeniletea balaa." Lakini ukoko wa ugali alimtupia kila jioni.

Masika yale Simba alitumbukia kwenye shimo la kufyatulia matofali, likiwa limejaa maji. Nilipomvuta alikuwa amelegea kama tambara, hapumui. Nililia kwa sauti mpaka bibi akaja mbio kutoka shamba la kijiji. Alimning'iniza kichwa chini, maji yakamtoka. Akamfuta pua, akamfumba mdomo kwa kiganja, kisha, wallahi, akaweka midomo yake kwenye pua ile na kupuliza taratibu, kama alivyowapulizia watoto wachanga waliozaliwa kimya. Jirani mmoja alimkumbusha kwamba yule ni mbwa.

"Najua ni mbwa," bibi alisema. "Ila mtoto huyu hana mwenzake mwingine."

Akapuliza tena, na tena. Simba akakohoa.

Bibi alikwenda uani akasukutua mara saba, ya kwanza kwa maji yenye udongo, ndipo akaswali adhuhuri. Kwa muda mrefu wapo waliokataa kula chakula chake. Hakuwalaumu. Mimi niliwachukia.

Siku hizi pale ni vichaka, watu walisharudi kwenye mahame yao ya zamani. Simba alizeeka akafa. Bibi naye alifariki nikiwa shule ya bweni Korogwe, na habari zilinifikia akiwa amekwishazikwa. Waliniambia alikutwa asubuhi, peke yake chumbani. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: pumzi ilipompungukia yeye, mimi sikuwepo.