Kikapu cha Tambuu

Hebu mfikirie anavyowasili kila mara: pikipiki ya kukodi inakohoa kupanda mlima kisiwani Sumba, Indonesia, na juu yake mwekezaji kutoka Jakarta, viatu vyeupe, mchoro wa hoteli kwapani. Anakitaka kilima cha Rambu Kahi, malisho ya farasi wa bibi huyo. Salamu hazijaisha, Rambu keshamsogezea kikapu cha tambuu na popoo. "Tafuna kwanza, mwanangu. Hapa kwetu biashara haizungumzwi kwa mdomo mkavu." Na mdomo ukishajaa, ataongeaje? Hutafuna macho yamemtoka, hutema kwa kulenga mbali, na mate mekundu hutua kwenye kiatu chake mwenyewe. Hukifuta kwa kidole gumba, taratibu, kama anayempangusa mtoto kamasi. Akimaliza, kikapu kinarudi. "Ongeza, baba, umekonda!" Jioni huondoka na mchoro wake haujakunjuliwa, na jirani, Umbu Ndilu, hucheka: "Rambu, huyo utamuua kwa ukarimu."

Leo kashuka na ndara, meno mekundu, kikapu chake mwenyewe mkononi. "Tafuna kwanza, Mama." Tambuu ya mgeni haikataliwi, na aliyeitoa ndiye anayefungua mazungumzo. Rambu akatafuna polepole mno, macho kwenye kilima chake, akilingoja lile neno la kukinunua. Mwekezaji akatema mbali, safi, bila kudondosha tone. Kisha akauliza, "Yule farasi wako mwekundu, Mama, mguu umepona?"

Haya, msomaji wangu: huyo kakisahau kilima, au ndiyo kwanza kajua kununua?