Ua Lililokataa Maji Yangu

Mwanangu, nakumbuka siku ile huko Banissa, kwenye ukame wa kaskazini, nilipobonyeza shina la ua la watu na kidole changu kikazama ndani. Nikasema, "Yesu wangu, nimeua!" Kaa hapa nikueleze, na usinicheke kabla sijamaliza.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka Kirinyaga ambako mvua hainyeshi kwa kubembelezwa. Nilikodi chumba kwa mama mmoja mfugaji ambaye kila mtu alimwita Ayeyo, yaani bibi. Mlangoni pake palikuwa na waridi la jangwani, lile lenye shina lililovimba chini, linalotoa maua mekundu hata nchi ikikauka yote. Lilipandwa na binti yake, Sahara. Sahara alifariki akijifungua, na Ayeyo hakubakiwa na kitu kingine kilichotoka mikononi mwa binti huyo.

Kiangazi kilipozidi, Ayeyo akafuata ngamia mbali na mji. Siku ya kuondoka aliniambia, "Mwalimu, hii maua hapana maji mbaka mimi narudi. Kabisa."

Nikaitikia. Moyoni nikasema, maskini, shida imewafundisha uchoyo hata kwa maua! Mimi nafundisha Kilimo, mfugaji ataniambia nini kuhusu mmea? Ehe! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjika vipande vipande.

Maji yalikuja kwa mkokoteni wa punda, na hayakutosha. Nilijinyima kuoga ili ua linywe kila jioni. Nilijiona mtu mwema sana, mwanangu, wa kuandikwa mbinguni. Majani yakachipuka, nikajipongeza. Yakaanza kuwa manjano, nikasema hiyo ni kiu, nikaongeza maji. Mpaka siku ile kidole kilipozama na harufu ya kuoza ikanipanda puani. Maji yakimwagika hayazoleki, nami niliyamwaga mwenyewe.

Ayeyo aliporudi nilimkimbilia njiani kabla hajafika mlangoni, nikamweleza yote. Aliketi palepale mchangani, akajifunika uso kwa mtandio. Nilitamani anitukane. Mwishowe akaniuliza, "Wewe nafikiri mimi naweza kunyima mtoto yangu maji?"

Swali hilo linaniuma mpaka leo.

Kisha akainuka na kisu. Akakata tawi la juu, akalikagua: ndani jeupe, gumu. "Walahi, hii iko mzima." Akaniamuru ninawe mikono, maana utomvu wake ni sumu, ndio wafugaji huwapaka ngamia kuua kupe. Tawi tukaliweka kivulini siku kadhaa mpaka lile jeraha likakauka, kisha tukalichomeka kwenye mchanga ndani ya kopo lililotobolewa chini. Nilidhani atalificha mbali nami. Badala yake alinikabidhi mimi.

"Kaa nayo," akasema. "Mkono ikiwasha kumwaga maji, soma kitabu yako."

Nilikaa wiki nyingi nikilitazama tu, na hakuna kazi ngumu kuliko hiyo niliyofanya Banissa. Wanafunzi walinitania kwamba mwalimu anangoja kopo lizae. Mvua ilipofika likatoa majani mawili. Nikamwita Ayeyo kwa kelele kama mwendawazimu. Alikuja, akalitazama, akasema "Sahara" mara moja tu, akalibeba akalirudisha mlangoni pake.

Sasa nisikilize. Ukipanda waridi la jangwani, lipe mchanga, jua kali na chombo chenye tundu. Maji kidogo, tena udongo ukishakauka kabisa. Likipukutisha majani wakati wa kiangazi, liache lipumzike. Watoto na mbuzi wasilitafune. Na ukimkuta mtu anafanya jambo usilolielewa, muulize sababu kabla hujamsahihisha, hata kama wewe umesoma na yeye hakusoma. Kuuliza si ujinga. Mimi nilikuwa na elimu, na huruma nilikuwa nayo tele, mwanangu, na vyote viwili nilivitumia kuua.

Mungu akubariki. Akuzidishie huruma, na akupe masikio ya kuiongoza. Na siku utakapoharibu cha mtu, maana utaharibu, akukutanishe na moyo utakaothubutu kukuamini tena.