Tundu la Vali

Mlio uliokwisha nyumbani kwa Kulthum, huko Bofu, ng'ambo ya kivuko, haukuwa mkubwa. Ulikuwa mlio wa spoku ya baiskeli inayodonolewa kwa ukucha: ting, kimya kidogo, ting nyingine, na mwenye sikio akitega kujua kama hizo mbili zinafanana. Majirani walikuwa wameuzoea hata hawausikii, na ulipokatika hawakujua ni kitu gani kilichopungua mtaani. Kulthum alijua. Asubuhi moja alifagia sebule, akapita juu ya lile doa la grisi sakafuni, akaona ufagio unakwenda moja kwa moja bila kuzunguka kitu. Akaendelea kufagia mpaka mlangoni.

Mumewe, Khatibu, alikuwa fundi wa kusuka magurudumu ya baiskeli. Hakuwa na kibanda wala bango. Mafundi wa kivukoni, wale wa kuziba pancha na kufunga breki, walimletea nyumbani rimu mpya na spoku zake, maana kusuka kuliwashinda. Kazi aliipata ujanani katika duka moja la baiskeli kisiwani, na duka lilipofungwa alivuka kurudi kwao na ufunguo wa spoku mfukoni.

Alikaa kwenye mkeka sebuleni, habu, kitovu cha gurudumu, katikati ya magoti, rimu imemzunguka. Kulthum alikaa upande wa pili na miyaa yake, akisuka ukili wa mikeka. Mgeni akiingia, Khatibu humwambia, "Humu hamna fundi na mkewe, bwana. Mna wasukaji wawili, mmoja wa chuma na mmoja wa miyaa. Wa miyaa ndiye mwenye maneno."

Alikuwa na ada yake. Kabla ya spoku ya kwanza alipapasa rimu mpaka akalipata tundu la vali, pale panapotiwa upepo, akatia kidole cha shahada humo, akasema Bismillah kwa sauti, kisha spoku ikaingia pembeni ya kidole. Haikuwa dini peke yake. Juu ya tundu hilo spoku lazima ziachane, ziache mlango wa pampu. Fundi akianza tundu moja kando, gurudumu litanyooka, litazunguka vizuri, litabeba gunia la mahindi. Lakini spoku zitakutana juu ya vali, na mdomo wa pampu hautapita. Dawa yake ni kufumua zote.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati wa mvua za vuli, Erastus muuza mikate alileta gurudumu la nyuma lililovunjwa na shimo la barabarani. Alikuwa mtu wa bara, amepanga chumba mtaa wa Shika Adabu, akipeleka mikate madukani kila alfajiri. Khatibu alianza kulisuka baada ya chai. Kulthum alisikia spoku zikiingia kwenye matundu, lakini Bismillah hakuisikia. Alidhani ameisema moyoni.

Kesho yake Erastus alirudi akiikokota baiskeli.

"Hodi! Mzee Khatibu, umenisukia gurudumu ama kapu?"

"Karibu. Una nini mapema hivi?"

"Pampu imekataa. Hebu angalia. Hata kidole cha mtoto hakipiti hapa."

"Nyinyi watu wa bara mwatia upepo kama mnaokamata ng'ombe," Khatibu alisema akicheka. Akainama, na kicheko kikaishia hapohapo. Aligusa zile spoku zilizofunga njia juu ya vali, akazigusa tena.

"Shetani huyo," alisema. "Niachie. Jioni njoo ulichukue."

"Na mikate, mzee? Wateja wakionja ya mwingine, mimi basi tena."

"Leo beba kichwani."

"Kichwani! Watasema Erastus ameolewa."

Kulthum alicheka. Khatibu alikuwa ameshaanza kufumua.

Alipomaliza akaanza upya, na safari hii Kulthum aliuweka ukili chini akatazama. Kidole hakikwenda kwenye tundu. Spoku ya kwanza iliingia mahali palepale pa kosa, na nyingine zikaifuata kwa utiifu.

"Baba Tumu," alisema taratibu, akimwita kwa jina la mtoto wao, "tundu la vali li wapi?"

Khatibu akainua uso. "Tundu gani?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeulizwa habari za jirani asiyemjua. Kulthum alitaraji moyo ustuke, na haukustuka. Alihisi ganzi, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ambao mtu anaugusa na kuuona si wake. Akauokota ukili wake, akasuka.

Adhuhuri gurudumu lilikuwa zuri, limenyooka, na mlango wa pampu umefungwa vilevile. Khatibu alitawadha akaenda msikitini. Siku hizo alikuwa akibaki kwenye baraza la msikiti mpaka alasiri, na zaidi ya mara moja watu walikuwa wamemrudisha nyumbani wakisema wamekutana naye njiani tu.

Kulthum alibaki na lile gurudumu. Aliyajua yatakayofuata. Erastus angecheka, na kicheko chake kingezunguka madukani pamoja na mikate. Mafundi wa kivukoni wangesikia. Kwisha Khatibu, wangesema, na hakuna ambaye angempitia tena hata kumsalimu, kwa kuwa wote waliompitia walimpitia kwa kazi.

Akafunga mlango. Akautoa ufunguo chini ya mkeka, akafumua spoku zote, akazilaza kwa mafungu kama miyaa. Alitia kidole kwenye tundu la vali, akasema Bismillah. Halafu akasuka: juu, chini, nyuma ya ile, mbele ya hii. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ametazama tangu arusi yao. Kunyoosha kulimsumbua zaidi. Rimu iliyumba, akailegeza huku, akaikaza kule, jasho likamtiririka mgongoni, naye hakuwa na hofu wala huzuni, alikuwa na spoku tu.

Khatibu aliporudi alilikuta kwenye baiskeli iliyopinduliwa. Akalizungusha. Akadonoa. Ting. Ting. Akainamisha kichwa.

"Kulthum."

"Abee."

"Nani ameingia humu?"

"Hakuingia mtu."

Akadonoa tena. "Huyu avuta spoku kama ukili. Aogopa kuzikata."

Kidole gumba chake kilitembea kwenye rimu mpaka kwenye vali. Kikaingia kati ya spoku, na nafasi ikabaki. Alikiacha hapo muda mrefu.

"Bismillah," alisema.

Kisha akauliza ufunguo uko wapi. Kulthum akaufungua kwenye pindo la leso akampa. Hakuupokea. Alivikunja vidole vya mkewe juu yake.

"Ongeza robo mzunguko upande wa mnyororo," alisema. "Robo tu."

Jioni Erastus alitia upepo, akabonyeza tairi, akatabasamu. "Hapo sawa, mzee! Mkono wako ni uleule."

Khatibu alitazama ukutani.

"Alhamdulillahi," alijibu Kulthum.

Wakaenda hivyo miaka kadhaa. Mlango hufungwa, Kulthum husuka, Khatibu hudonoa: hii yalia, kaza; hii yapiga kelele, legeza. Mafundi wakija walimpa mkono yeye, wakamwita fundi, nao hawakukosea. Sikio lilikuwa lake, na bila sikio lile mikono ya Kulthum ilikuwa ya mikeka tu.

Mpaka siku moja Khatibu alipodonoa spoku asiseme neno. Akaidonoa tena hiyohiyo, na tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa, mpaka Kulthum akaushika mkono wake akauweka pajani. Gurudumu lile alilifumua, akamrudishia mteja na spoku zake zimefungwa kwa uzi wa miyaa.

"Mzee hana nafasi," alimwambia.

"Hata wiki ijayo?"

"Hata wiki ijayo."

Khatibu yu hai. Anaishi Bofu, katika nyumba ileile, chumba cha uani, na mchana mkewe humtoa akakaa mkekani.